Mume wangu ameacha vidonge vya jongo, sasa ataka kwenda Kerala

Assalamu alaikum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Mombasa. Mume wangu ana miaka 56 na kazi yake ni ya kutoa mizigo bandarini. Ninaandika kwa sababu nimefika mahali sijui tena kama ninamlinda au ninamsumbua.

Miaka miwili iliyopita aliniamsha usiku akisema mguu unamuungua. Nilipowasha taa nikaona kidole gumba kimevimba, chekundu, ngozi imenyooka mpaka inang'aa. Nikamfunika kwa khanga, akapiga ukelele. Khanga tupu, mshauri. Hospitali wakasema ni jongo, gauti kama wengi tunavyoiita. Karatasi ya maabara ilionyesha asidi ya yuriki 9.4. Wakampa dawa za kutuliza maumivu, na baadaye alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, ya kumeza kila siku. Hakufika wiki tatu na dawa hiyo, mguu wa pili ukavimba, tena kwa ukali kuliko ule wa kwanza. Daktari hakuwa na muda wa kumweleza lolote, alimwongezea vidonge tu. Mume wangu akaapa kuwa dawa hiyo ndiyo inayomtia ugonjwa, akavitupa vyote.

Kilichomuumiza zaidi ni maneno ya watu. Wapo waliosema jongo ni maradhi ya walevi. Mume wangu hajaonja pombe maishani mwake, ni mtu wa swala tano. Alianza kukaa ndani ili asionekane akichechemea.

Shemeji yangu anaishi Muscat. Akamwita, akampeleka kwa tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, anayetoka Kerala, India. Mume wangu anasimulia hadi leo jinsi tabibu yule alivyomshika mkono akasikiliza mapigo, akamuuliza anavyolala, anachokula, choo chake kikoje, kama ana hasira za moyoni. Saa nzima. Akaambiwa ugonjwa wake unaitwa vatarakta, yaani upepo wa mwili na damu vimekorofishana. Alirudi na unga mchungu wa mti uitwao guduchi, vidonge vyeusi vinavyonukia kama manemane, chupa ya mafuta, kopo jingine dogo lisilo na karatasi, na orodha ya makatazo: nyama, samaki, achari, mtindi, maharagwe, kulala mchana. Nyumbani sasa napika sufuria mbili.

Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu amepata nafuu. Miezi minane sasa hajapata shambulio kubwa. Ameacha soda, jioni anatembea hadi ufukwe wa Mama Ngina na kurudi, anacheka. Uso umemjaa, anakula kwa hamu. Lakini kiwikoni kimemtoka kinundu kigumu, hakimuumi, na kila nikikishika naona kimekua. Asubuhi bado anameza dawa yake ya presha, ile inayompeleka msalani kila mara. Nikimtajia hospitali hasikii la muadhini wala la mteka maji msikitini.

Sasa shemeji ameshapanga wende Kerala mwezi wa saba, wiki tatu za kusafisha mwili. Yeye atalipa nusu. Nusu ya pili mume wangu anataka itoke kwenye akiba ya ada ya chuo ya binti yetu. Kijana wetu mkubwa anafanya kazi katika duka la dawa, naye ananiambia: "Mama, msagie alopurinoli miligramu 300 kwenye uji wa asubuhi, hatajua." Sijafanya hivyo. Ila kila asubuhi nikikoroga uji wazo linanijia.

Nimsagie? Nimkatalie safari? Au ninyamaze kwa kuwa anaonekana mzima?

Mke mwenye wasiwasi, Mombasa

JIBU

Wa alaikumu ssalam dada yangu,

Umekaa miaka miwili ukiuguza mguu wa mwenzio na kisirani chake pia, halafu unajiuliza kama unamsumbua. Mimi sioni mtu anayesumbua hapa. Naona mke ambaye hakuna aliyekaa naye chini akamweleza ugonjwa huu ulivyo, kama ambavyo mumeo naye hakuelezwa. Nitajaribu kufanya kazi hiyo kwanza, maana nahisi nusu ya ugomvi wenu imetoka hapo.

Asidi ya yuriki ni takataka ya kawaida ya mwili, inayotolewa zaidi na figo. Ikizidi kwenye damu, huganda ndani ya viungo na kuwa fuwele, kama chumvi inavyoganda kwenye ukingo wa sufuria maji ya bahari yanapokauka. Siku kinga ya mwili inapozivamia fuwele hizo, ndipo mtu anapopiga kelele kwa kuguswa na khanga. Sasa angalia hili: dawa inapoanza kushusha asidi, fuwele za zamani huanza kulegea na kumeguka, na miezi ya mwanzo mashambulizi yanaweza kuongezeka. Ni jambo linalojulikana. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huanza alopurinoli kwa dozi ndogo, miligramu 100 au chini ya hapo, wakaipandisha polepole, na kwa miezi mitatu hadi sita wakampa mgonjwa kolchisini kidogo ya kumkinga. Mumeo aliona kitu cha kweli. Mguu wa pili ulivimba kweli baada ya dawa. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hiyo haikuwa dalili ya sumu. Katika hali yake, mimi pia ningetupa vidonge.

Na kuhusu walevi, ningependa mumeo asome sehemu hii mwenyewe. Pombe, hasa bia, huongeza hatari, lakini watu wengi wenye jongo hawajawahi kunywa. Urithi wa ukoo una nguvu kubwa sana. Figo nazo huchangia, zikishindwa kuitoa asidi. Vinywaji vya sukari navyo vimo, kwa hiyo kuacha soda amefanya jambo la maana mno. Halafu kuna dawa za presha. Zile za kukojoza, kama haidroklorothayazidi, hupandisha asidi ya yuriki, na mara nyingi huwa zimechanganywa ndani ya kidonge kimoja na dawa nyingine, mtu asijue anazimeza. Ulivyoandika kwamba dawa yake inampeleka msalani kila mara, nimeshtuka kidogo. Tafadhali asiiache, presha ikipanda ni balaa jingine. Ila ipelekeni kwa daktari mkaulize swali moja: hii ina dawa ya kukojoza, na je, inaweza kubadilishwa? Ipo dawa ya presha, losartani, ambayo yenyewe husaidia kushusha asidi hii kidogo. Huenda kidonge anachokiamini kila asubuhi ndicho kinachochangia.

Sasa tuje kwa tabibu wa Kerala. Unaandika juu yake kwa uchungu, nami naelewa, lakini nakuuliza bila kukulaumu: una hakika mumeo amedanganywa? Ayurveda ni elimu ya kale, na maradhi haya imeyachunguza kwa jicho kali. Kitabu cha Charaka Samhita kina sura nzima ya vatarakta. Kinaeleza ugonjwa unaoanzia miguuni na mikononi kisha ukasambaa viungoni, unaowapata zaidi watu wa maisha ya starehe wasiotembea, na kinataja vyakula vya chumvi na uchachu, nyama, pombe, hasira, kulala mchana, hata kupanda farasi na ngamia kwa muda mrefu. Guduchi na vidonge vyeusi vyenye utomvu wa guggulu, ambao ni jamaa wa manemane, ni tiba zake za siku nyingi. Upo pia utaratibu wa kuharisha mgonjwa kwa dawa, mafuta, na wakati mwingine kutoa damu kwa ruba, jambo ambalo sisi watu wa pwani tuliozoea kuumikwa halitushangazi.

Na hospitali nayo isijione imetoka mbinguni. Kolchisini niliyoitaja hapo juu hutokana na mmea ambao matabibu wa Kiarabu waliuita suranjani, na Ibn Sina aliuandikia maumivu ya viungo. Kwa hiyo mti dhidi ya kidonge si ugomvi wa kweli. Swali linaloweza kuwasaidia ninyi wawili ni jingine kabisa: asidi yake leo ni ngapi?

Maana jongo lina tabia ya kughilibu. Shambulio hupoa lenyewe, mara nyingi kwa wiki moja au mbili, hata lisipotibiwa. Kisha kimya, miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Katika kimya hicho kila dawa iliyotumika hupata sifa. Inawezekana kabisa kwamba kuacha soda, kupunguza nyama na kutembea vimemsaidia. Inawezekana mimea imechangia kitu; tafiti zake kwa wagonjwa wa jongo ni ndogo, na hakuna niliouona uliothibitishwa kuyeyusha fuwele kama alopurinoli inavyofanya asidi ikishushwa chini ya 6 na kubaki hapo. Na inawezekana vilevile kwamba ugonjwa umelala tu. Miezi minane haiwezi kututenganishia mambo hayo. Kinundu ndicho kinachosema, dada. Mara nyingi kinundu cha namna hiyo kwa mwenye jongo ni fuwele zenyewe zilizorundikana chini ya ngozi. Lazima daktari akitazame kuhakikisha. Kama ndicho, na kama kinakua huku mwenyewe akicheka na kutembea, basi ndani kazi bado inaendelea, na kwa mtu mwenye vinundu madaktari hushauri dawa ya kushusha asidi bila kusubiri mashambulizi.

Kuna mambo mengine mawili ya barua yako yaliyonikaa rohoni. La kwanza ni kopo lisilo na karatasi. Ndani ya Ayurveda kuna tawi linalotumia madini yaliyochomwa na kusagwa, zebaki na risasi zikiwemo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima bidhaa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja kati ya tano ilikutwa na risasi, zebaki au arseniki. Risasi ikiingia mwilini huharibu figo, na figo zilizoharibika kwa risasi huleta jongo; hilo limejulikana karne nyingi. Mtu anaweza kunywa dawa ya jongo ikampa jongo. La pili ni uso uliojaa na hamu kubwa ya chakula. Pengine ni afya tu, alhamdulillahi. Lakini katika nchi mbalimbali dawa za viungo zinazouzwa kama za mitishamba zimenaswa zikiwa zimetiwa steroidi, dawa kali za kupoza uvimbe, kwa siri, nazo huleta nafuu ya ajabu, uso wa mviringo, presha na sukari kupanda. Sisemi za mumeo ziko hivyo. Nasema kopo hilo lisilo na jina lionekane na daktari au mfamasia. Na kama amelitumia muda mrefu, asilikatishe ghafla kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu mwili uliozoea steroidi huweza kuzimia zikiondolewa kwa mkupuo. Guduchi nayo si ya kunywa bila kuangalia: mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Wizara ya tiba asilia ya India ilipinga, ikasema huenda mmea mwingine unaofanana nao ndio uliotumika. Kwa mnywaji wa Mombasa mabishano hayo yana maana moja: apime ini.

Nikirudi kwenye uji wako. Nakuelewa, wallahi nakuelewa, na nakushukuru kwa kuliandika wazi. Hebu tuifuate njia hiyo mpaka mwisho wake tuone inatufikisha wapi. Unamsagia miligramu 300, dozi kubwa kwa mtu anayeanza upya na ambaye figo zake hazijapimwa hivi karibuni. Shambulio la mwanzo linakuja tena, naye hajui sababu, anaikimbilia dawa nyingine. Au anatokwa na vipele. Alopurinoli, kwa watu wachache, huleta mzio mkali unaochubua ngozi na kuumiza ini na figo, nao huja zaidi katika wiki na miezi ya kwanza. Dawa hutakiwa kusimamishwa siku hiyohiyo. Daktari atamuuliza mumeo anatumia nini, naye ataapa kwamba hatumii chochote cha hospitali. Wewe utakuwa umesimama pembeni ya kitanda. Na tuseme yote yameenda vizuri, asidi imeshuka: sifa zote zitakwenda kwa unga mchungu, na siku utakaposafiri kwenda msibani Lamu au kokote, dawa itakatika. Sijui wewe unaonaje, lakini mimi sioni siku ambayo siri hiyo inakwisha. Kijana wako anampenda baba yake, hilo halina shaka. Pengine apewe kazi nyingine: akae na baba yake amweleze kwa nini mguu wa pili ulivimba.

Kumkatalia safari nako kuna uzito wake. Huyu ni mtu aliyejificha ndani kwa aibu, akapata mahali alipoulizwa kama ana hasira moyoni. Nadhani saa ile moja imemtibu kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya maabara. Ukiipinga Kerala, yeye anaweza kusikia kwamba unampinga mtu pekee aliyemsikiliza. Akienda, lakini, kuna hatari za kweli. Kuharishwa kwa siku kadhaa kwa mtu anayemeza dawa ya kukojoza kunaweza kumkausha maji, na mwili mkavu huamsha jongo na kuzielemea figo. Kukanda kiungo kilichovimba hakufai. Mwezi wa saba ndio mwanzo wa Karkidakam, mwezi wa mvua ambao watu wa Kerala huuona bora kwa tiba hizi, kwa hiyo atakuta hospitali kubwa za Ayurveda zenye madaktari waliosoma, na atakuta pia vyumba vya kukanda watalii. Ni vitu viwili tofauti sana. Hospitali ya maana itataka vipimo vyake na orodha ya dawa zake kabla ya kumpokea. Isiyouliza chochote, mimi ningeiogopa.

Kati ya kukataa na kunyamaza kuna nafasi, na ndiyo ningetamani uijaribu kabla ya yote. Usimwambie aache alichonacho. Mwambie mpime: asidi ya yuriki, kreatinini ya figo, ini, na sukari. Msipime katikati ya shambulio, maana wakati huo asidi huweza kuonekana imeshuka ikawadanganya. Kama unga wa tabibu unafanya kazi, namba itasema, nawe utakuwa wa kwanza kumpongeza kwa moyo mweupe. Uwe tayari kwa hilo kweli, asikusikie ukimtega. Ikiwa bado ni 9, namba hiyohiyo aende nayo kwa tabibu wake Muscat amuulize ana mpango gani. Wapo matabibu waaminifu wa Ayurveda ambao mbele ya kinundu na asidi ya 9 watamwambia mgonjwa ashike dawa zote mbili chini ya uangalizi. Mkirudi hospitali, nendeni wawili, na umtafute daktari mwingine kama mumeo amemkinai yule wa kwanza. Ombeni aanze na dozi ndogo na kinga ya mashambulizi, mkitumia maneno hayohayo.

Jikoni nadhani unaweza kupunguziwa mzigo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulikuta nyama na vyakula vya baharini vinaongeza jongo, lakini maharagwe na mboga zenye purini nyingi, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa asidi ya yuriki, havikuongeza, na maziwa yenye mafuta machache yalipunguza. Tabibu amekataza mtindi kwa hesabu za Ayurveda, na mumeo ana haki ya kumfuata. Lakini wewe na watoto hamna sababu ya kuukosa, na mbaazi za nazi zinaweza kurudi mezani mkilizungumza. Maini, dagaa na supu ya makongoro, hapo matabibu wa pande zote mbili wanakubaliana. Maji anywe kwa wingi, isipokuwa daktari wa moyo au figo amkataze.

Ada ya binti ni mazungumzo yenye haki ya kusimama peke yake. Ukiyaingiza kwenye ya dawa, mumeo atadhani unahesabu shilingi juu ya mguu wake. Chagua jioni nyingine, na binti mwenyewe awepo, kwa kuwa ni mustakabali wake unaoguswa.

Amebaki shemeji. Yeye ndiye mwenye sikio la mumeo kwa sasa, nami singependa umfanye adui. Mpigie simu kwa heshima yake ya ukubwa, umshukuru kwa alivyomtoa kaka yake ndani, kisha umwombe mambo mawili: apige picha ya karatasi za dawa zote alizoandikiwa, hasa lile kopo dogo, na awaombe Kerala waandike kitu gani hasa watamfanyia na kwa dawa zipi. Mweleze na habari ya kinundu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hajui kama kipo.